Uwanja wa Lexington: Kiapo Kilivyogeuka Jiwe

Katika mji wa Lexington, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kuna uwanja wa majani wenye umbo la pembetatu, ukubwa wake kiasi cha ekari 2. Juu ya majani hayo limewekwa jabali lililochongwa amri ambayo Kapteni John Parker wa mgambo wa mji anasadikiwa kuwapa watu wake alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1775: wasibanduke, wasifyatue risasi kabla hawajafyatuliwa wao, lakini wenzao wakitaka vita, basi vianzie papo hapo.

Siku 6 baada ya alfajiri hiyo, Parker mwenyewe alikula kiapo na kutoa ushahidi wa maandishi. Alisema kwamba alipoona askari wa Mfalme wa Uingereza wanamjia ghafla, aliwaamuru watu wake watawanyike na wasipige risasi.

Jabali linasema hili, kiapo kinasema lile. Ili kuelewa jinsi kimoja kilivyochukua nafasi ya kingine, yatupasa kuanza zamani zaidi, wakati uwanja huu ulipokuwa malisho ya ng'ombe.

Ardhi ya paundi 16, 1691–1768

Hapo mwanzo Lexington haikuwa mji. Yalikuwa mashamba ya watu wa Cambridge, na wakulima wake walisafiri mwendo mrefu kila Jumapili kwenda kusali na kurudi. Mwaka 1691 wakaruhusiwa kuwa na usharika wao, wakajijengea nyumba ya ibada. Miaka 20 baadaye, mwaka 1711, wakachangishana fedha na kununua kipande cha ardhi kutoka kwa Benjamin Muzzey kwa paundi 16. Mwaka 1713 wakapata hadhi ya mji kamili.

Ardhi ile ilikuwa ya wote, na kila shughuli ya wote iliwekwa hapo. Nyumba ya ibada ilisimama kwenye ncha ya pembetatu inayoelekea Boston. Jumapili mchungaji alihubiri ndani yake, siku nyingine wanaume wenye mali waliketi kwenye mabenchi yale yale wakapiga kura juu ya kodi na barabara. Shule nayo ikajengwa uwanjani. Ng'ombe walilishwa hapo, na mgambo, yaani karibu kila mwanamume mwenye nguvu, walifanya mazoezi hapo. Baada ya mazoezi walivuka barabara kwenda Buckman Tavern, nyumba ya wageni iliyojengwa mnamo 1710, kunywa na kuota moto.

Mwaka 1762 mji ulijenga mnara wa kengele juu ya kilima cha jirani, na mwaka 1768 ukauhamishia uwanjani. Kengele iliita watu kwenye ibada na ilitangaza misiba. Hakuna aliyefikiri kwamba ingeita watu kwenye vita na Mfalme wao.

Kodi, chai na baruti, 1763–1775

Chanzo cha vita hiyo kilikuwa deni. Mwaka 1763 Uingereza ilimaliza vita vyake na Ufaransa ikiwa mshindi, lakini hazina ilikuwa imekauka. Bunge la London likaona makoloni ya Amerika yabebe sehemu ya mzigo, likatoza kodi moja baada ya nyingine. Wakoloni walijibu kwamba bunge lisilo na mwakilishi wao hata mmoja halina haki ya kuwatoza.

Huko Lexington hoja hizo zilikuwa na mwandishi wake. Jonas Clarke, mchungaji wa mji tangu 1755, alihubiri siasa na dini kwa pumzi moja, na maazimio ya mkutano wa mji yaliandikwa kwa kalamu yake. Tarehe 13 Desemba 1773 wakazi walikusanya chai yao yote wakaichoma moto. Siku 3 baadaye watu wa Boston walitumbukiza baharini makasha 342 ya chai. Boston ndiyo iliyopata sifa, ila Lexington ilitangulia.

Mwaka 1774 London ilijibu kwa kuifunga bandari ya Boston na kuminya mikutano ya miji. Sheria hizo zilikusudiwa kuwatisha watu, kumbe ziliwaunganisha. Miji ya mashambani ilianza kukusanya baruti na kuwafundisha mgambo kwa bidii mpya. Ghala kubwa lilikuwa Concord, kiasi cha kilomita 10 mbele ya Lexington kwa anayetoka Boston. Jenerali Thomas Gage, aliyeongoza majeshi ya Mfalme mjini Boston, alipata habari za ghala hilo. Usiku wa tarehe 18 Aprili 1775 akatuma askari 700 hivi, chini ya Luteni Kanali Francis Smith, waende wakaliharibu.

Usiku huo John Hancock na Samuel Adams, viongozi wawili wa upinzani, walikuwa wamelala nyumbani kwa mchungaji Clarke, hatua chache kutoka uwanjani. Baada ya saa 6 usiku Paul Revere alifika akiwa juu ya farasi kuwaonya, naye William Dawes akafuata kwa njia nyingine. Kengele ikalia.

Njia panda, 19 Aprili 1775

Watu kama 130 waliitika kengele. Walisimama kwenye baridi, hawakuona kitu. Parker, mkulima wa miaka 45 aliyekuwa akiuguza kifua kikuu, aliwaruhusu waondoke kwa sharti kwamba wasiende mbali wakashindwa kusikia ngoma. Wengine walirudi majumbani, wengine wakaingia Buckman Tavern.

Yapata saa 10 na nusu alfajiri, mpelelezi alirudi mbio na habari kwamba askari wako karibu kabisa. Kijana William Diamond akapiga ngoma. Wakatoka watu 77, wakapanga mistari miwili uwanjani. Kati yao walikuwamo baba na wana, wajomba na wapwa. Alikuwamo pia Prince Estabrook, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa wa familia moja ya hapo mjini. Parker hakuwapanga kuziba barabara ya Concord. Aliwaweka pembeni, juu ya majani, mahali ambapo wangeonekana bila kumzuia mtu kupita.

Umbo la uwanja ndilo lililoamua yaliyofuata. Barabara ya kutoka Boston ilipofika kwenye nyumba ya ibada iligawanyika: kushoto njia ya Concord, kulia njia ya Bedford, na uwanja katikati. Laiti kikosi cha mbele kingeshika kushoto, kingewapita mgambo kwa mbali na kuendelea na safari yake. Luteni Jesse Adair wa jeshi la majini, aliyekuwa mbele, alihofia kuwaacha watu wenye silaha ubavuni mwake. Akashika kulia. Dakika chache baadaye askari mia kadhaa waliokesha wakitembea walikuwa ana kwa ana na wakulima 77.

Meja John Pitcairn, ofisa wa Waingereza, alifika na farasi wake akiwapigia kelele mgambo waweke silaha chini na watawanyike. Parker akawaamuru wake watawanyike. Wengi walianza kuondoka, bunduki zao mikononi. Kisha mlio wa risasi ukasikika. Nani aliyepiga? Waingereza walisema risasi ilitoka nyuma ya ukuta, mgambo wakasema ilitoka kwa ofisa wa Mfalme. Hadi leo hakuna aliyethibitisha. Linalojulikana ni kwamba askari, bila amri, walimimina risasi na kisha wakavamia kwa singe.

Watu 8 waliuawa, 10 walijeruhiwa. Jonas Parker, binamu wa kapteni, hakukimbia. Alipigwa risasi, akaanguka, akamaliziwa kwa singe alipokuwa akijaribu kujaza gobore lake upya. Inasimuliwa kwamba Jonathan Harrington, ambaye nyumba yake ilitazamana na uwanja, alijikokota hadi mlangoni na kukata roho mbele ya mkewe. Prince Estabrook alijeruhiwa. Upande wa pili askari mmoja tu ndiye aliyepata jeraha. Walipiga risasi za ushindi hewani, wakashangilia mara 3, wakaendelea na safari ya Concord.

Safari ya kurudi ndiyo iliyowatoa jasho. Huko Concord mgambo wa miji mingi walikuwa wamekusanyika, na kutoka hapo hadi Boston askari walipigwa risasi kutoka nyuma ya miti na kuta za mawe. Parker naye, akiwa na watu wake wale wale, baadhi yao wamefungwa vitambaa kwenye majeraha, aliwavizia mchana huo karibu na mpaka wa mji. Jioni ilipoingia, hasara ya Waingereza ilikuwa 273 kwa jumla: waliokufa 73, waliojeruhiwa 174 na waliopotea 26. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimeanza. Parker hakuviona vikiisha, kwa maana kifua kikuu kilimmaliza Septemba mwaka huo huo.

Mnara na mifupa, 1799–1835

Ushahidi wa kiapo wa Aprili 1775 ulikuwa na kazi maalumu. Viongozi wa Massachusetts waliukusanya haraka wakaupeleka London ili umma wa Uingereza uone kwamba raia wasio na hatia wamechinjwa. Kwa shabaha hiyo ilifaa watu wa Lexington wawe wahanga. Mchongaji Amos Doolittle alipochapa picha ya tukio mwaka huo huo, aliwachora mgambo wakitawanyika mbele ya moshi wa bunduki.

Tarehe 4 Julai 1799 mji ulizindua mnara wa mawe juu ya kilima kidogo uwanjani, na maandishi yake yalitungwa na Jonas Clarke yule yule, sasa mzee. Mnara huo ni miongoni mwa kumbukumbu za kale kabisa za vita nchini Marekani. Majina 8 ya waliouawa yamechongwa juu yake. Waliojeruhiwa hawamo.

Mwaka 1835 mifupa ya waliouawa ilifukuliwa kutoka kaburi la pamoja katika makaburi ya zamani, ikazikwa upya nyuma ya mnara. Mwanasiasa Edward Everett, mmoja wa wasemaji hodari wa zama zake, alihutubia. Tangu siku hiyo uwanja wa ng'ombe ukawa pia kaburi, na mahali penye kaburi hapachezewi ovyo.

Wazee wanakumbuka upya, 1824–1886

Mwaka 1824 Lafayette, Mfaransa aliyepigana bega kwa bega na George Washington, alizuru Lexington na kupokewa na wazee waliosalia wa alfajiri ile. Alipofika Concord, msemaji wa mji huo alijinadi kwamba upinzani wa kwanza wa nguvu ulifanyika kwao. Lexington ikakasirika. Kama watu wa Parker walitawanyika bila kujibu, basi Concord ilikuwa na haki. Kile kilichofaa mwaka 1775 sasa kilikuwa aibu.

Mji ukamtuma Elias Phinney akusanye ushahidi mpya. Wazee waliokuwa vijana miaka 50 iliyopita waliapa tena, safari hii wakisema kwamba walijibu mapigo, na kitabu kikatoka mwaka 1825. Si lazima tuseme walidanganya. Yaelekea wachache walifyatua kweli, maana askari yule mmoja hakujijeruhi mwenyewe. Ila viapo vya kwanza viliulizwa kama wana hatia, na vya pili viliulizwa kama walikuwa mashujaa. Swali likibadilika, jibu nalo hubadilika.

Wachoraji wakafuata. Kila kizazi cha picha kiliongeza mgambo wanaosimama imara. Mwaka 1886 Henry Sandham alichora turubai kubwa ambamo wakulima wa Lexington wamejipanga na kuwakabili askari bila kurudi nyuma.

Uwanja haukuishi kwa ugomvi huo tu. Tarehe 3 Julai 1839, katika jengo la ukingoni mwa uwanja, ilifunguliwa shule ya kwanza ya serikali ya kufundisha walimu nchini Marekani, chini ya Cyrus Peirce. Siku ya kwanza walijitokeza wanafunzi 3, wote wasichana. Shule hiyo ilihama baada ya miaka michache, lakini jengo bado lipo. Mwaka 1846 nyumba ya ibada ya tatu iliteketea kwa moto, na kanisa jipya likajengwa nje ya uwanja mwaka 1847. Kwa hiyo ncha ya pembetatu ilibaki wazi. Dini ilikuwa imehama, na nafasi ilibaki kwa kumbukumbu ya vita.

Mjukuu wa kapteni, Theodore Parker, aliyezaliwa Lexington mwaka 1810, alikuwa mchungaji na mpinzani mkali wa utumwa. Katika chumba chake cha kusomea aliweka magobore mawili: moja alilotumia babu yake, jingine aliloliteka kwa Waingereza. Kwake yeye silaha hizo zilikuwa deni: kama babu alipigana ili asitawaliwe, mjukuu hawezi kunyamaza mtu mwingine anapouzwa. Alipofariki mwaka 1860 aliyarithisha jimbo, na yametundikwa katika ukumbi wa Seneti ya Massachusetts.

Zama za shaba na mawe, 1875–1913

Tarehe 19 Aprili 1875, miaka 100 kamili, Rais Ulysses Grant alifika Lexington katika baridi kali, na umati ukafurika kupita uwezo wa mji. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka 10 tu iliyopita, na taifa lililopasuka lilitafuta kisa ambacho kaskazini na kusini wangeweza kukisherehekea pamoja. Lexington ilikuwa nacho.

Ndipo zikaanza zama za kupanda mawe. Mwaka 1884 jabali la mstari wa mapigano liliwekwa, likiwa na maneno yaliyosimuliwa miaka mingi baada ya Parker kufa. Mwaka 1886 ikaundwa jumuiya ya historia ya mji. Mwaka 1894 Massachusetts ilitangaza siku ya Wazalendo kuwa sikukuu. Tarehe 19 Aprili 1900 ikazinduliwa, kwenye ncha ilipokuwa nyumba ya ibada, sanamu ya shaba ya mgambo mwenye gobore, kazi ya Henry Hudson Kitson. Wageni wengi humwita Kapteni Parker. Hakuna picha ya Parker iliyosalia, kwa hiyo sura ile si yake. Chini ya sanamu palitengenezwa chemchemi ya maji ya kunywa kwa watu, farasi na mbwa.

Majengo nayo yaliokolewa. Nyumba alimolala Hancock ilikuwa karibu kubomolewa mwaka 1896. Jumuiya ya historia ikaihamishia ng'ambo ya barabara, nayo haikurudishwa mahali pake hadi mwaka 1974. Mnara wa kengele ulivunjwa na dhoruba mwaka 1909, ukajengwa mwingine wa mfano wake mwaka 1910. Mwaka 1913 mji ulinunua Buckman Tavern. Mgeni anayetembea leo huona mji wa 1775, lakini sehemu kubwa ya mandhari hiyo ilipangwa na watu walioishi zaidi ya karne moja baadaye.

Usiku wa askari wa zamani, 1971

Mwaka 1961 uwanja ulitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na mwaka 1965 sheria ya Bunge ikaagiza bendera ipepee hapo usiku na mchana. Kisha wakaja watu ambao hakuna jiwe lililowatarajia.

Wikiendi ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, Mei 1971, askari waliorudi kutoka Vietnam na kuipinga vita ya huko walifunga safari kwa miguu kutoka Concord hadi Boston, wakifuata njia ya Paul Revere kwa mwelekeo wa kinyume. Waliomba kulala kwenye uwanja wa Lexington. Baraza la mji likakataa: sheria ndogo ilikataza watu kukaa hapo usiku. Wakazi waligawanyika. Wengine waliona uwanja unanajisiwa, wengine walibeba blanketi na chakula wakaketi na wageni.

Usiku wa manane kuamkia tarehe 30 Mei, polisi waliwakamata watu 458, askari wa zamani pamoja na raia, wakawapakia kwenye mabasi na kuwapeleka kwenye gereji ya mji. Miongoni mwao alikuwamo John Kerry, kijana aliyekuja kuwa seneta na waziri wa mambo ya nje. Wengi walitozwa faini ya dola 5. Watu waliovaa sare za nchi yao walikamatwa mbele ya sanamu ya mtu mwenye bunduki aliyeikaidi serikali. Na safari hii pia amri ilikuwa ile aliyoitoa Pitcairn: tawanyikeni.

Jiwe la ng'ambo ya barabara, 2008–2025

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Prince Estabrook alikuwapo, na bado lake halikuwapo. Baada ya jeraha lake alirudi vitani akatumikia jeshi la uhuru, na akapata uhuru wake mwenyewe vita vilipokuwa vikiisha. Mwaka 1783 Mahakama Kuu ya Massachusetts ilitamka kwamba utumwa haupatani na katiba ya jimbo, na sensa ya 1790 haikuhesabu hata mtumwa mmoja humo. Lakini ilipita zaidi ya karne mbili kabla jina lake halijachongwa kwenye jiwe lake mwenyewe, mwaka 2008. Mei 2024 ikafuata kumbukumbu ya shaba ya wanawake wa mji, karibu na kituo cha wageni.

Aprili 2025 maelfu walijaza kingo za uwanja gizani kutazama maigizo ya miaka 250: ngoma inapigwa, mistari inapangwa, moshi unapanda, watu 8 wanaanguka. Ni sherehe ya kweli, na machozi ya baadhi ya watazamaji ni ya kweli.

Aendaye Lexington na asimame kwanza mbele ya jabali la Parker, asome amri iliyochongwa, kisha akumbuke kile kiapo cha siku 6 baadaye. Kisha aende kwenye mnara wa 1799, ahesabu majina 8. Kisha avuke barabara hadi mbele ya Buckman Tavern. Jiwe la Prince Estabrook liko huko, nje ya uwanja alikomwagia damu yake.